Chui ya Nusu Bei

“Weye, Mama Hortense, kazi yako iko ya muntu mwenye akili! Muntu anakula bitumbula byako asubuhi, saa sita njala inamurudilia, anakuja tena. Miye? Muntu ananunua tablo moja, anaitundika mu saloni, njo basi, ameshiba mpaka kufa. Na akikufa, mutoto wake anashiba ile ile tablo!”

Njo vile Mutale, jirani yangu muchoraji, alikuwa anapiga kelele mbele ya mbabula yangu, jiko yangu ya makala, mafuta inachemuka, bantu ba avenue banasimama kusikiliza. Fujo ilianza kwa bibi yake, Victorine. Alimuambia aende kumuona Godefroid, kaka ya huyu bibi, mwenye kazi ku Gécamines, ile kompani ya shaba, amutafutie nafasi ya kupakala rangi ku manyumba ya kompani. Miye nikatia mudomo wangu mule. Nikasema: nyumba nayo iko tablo, ila yenyewe inalipwa kila mwezi. Njo akanigeukia.

“Kila mwezi! Kama mufungwa.”

“Mufungwa anakula,” nikamujibu. “Batoto bako banakula rangi?”

Victorine akatazama chini. Mutale akatwaa kitumbula kimoja bila kuulizwa, akakipuliza sana mbele ya kukiuma, juu hata muntu wa hasira anaungua ulimi, akaingia mu nyumba yake na kufunga mulango.

Tulikuwa parsele moja, kiwanja kimoja cha manyumba, mu Kenya, komini yetu, si ile inchi. Nilimujua tangu utoto. Baba yake alishuka kutoka kaskazini kwa kazi ya reli, bantu ba misa na rozari. Ku ubatizo alipewa jina Désiré. Serikali ilipokataza majina ya Bazungu, akabakia Mutale mbele ya bantu, na Désiré mu kinywa ya mama yake tu, tena kwa sauti ya chini. Ku masomo alikuwa anachora ku ubao mbele ya mwalimu kuingia. Mwalimu akiingia, anajikuta pale, tumbo mbele, kichwa kama boga. Ile fimbo alizokula njo mushahara yake ya kwanza ya artiste.

Kazi yake iliendelea hivi. Anatafuta gunia ya unga, ile ya kitambaa, anaifumua, anaifua mpaka maandishi inatoka, anaipigilia ku mbao. Anapakala nyeupe ya nyumba. Kisha anachora: mama anatwanga, train ya zamani, simba anafukuza muntu wa kinga, njo kusema baiskeli, mamba muntu, ule mwanamuke wa mu maji mwenye kuleta utajiri na kudai roho ya muntu. Kila moja anaichora mara mingi, juu hajue ni gani itauzwa. Mwisho wa mwezi, siku ya mushahara, anazifunga ku kinga yake na kukanyaga. Ku Golf, kwa batajiri, imbwa inamuona mbele ya mwenye nyumba. Ku Kasapa, banafunzi ba université banamuelezea tablo yake mwenyewe, maana yake ya juu na maana yake ya chini, kisha banamuomba sigara. Mu kambi ya bafanyakazi njo kuko banunuzi. Bale banataka ukumbusho: kintu cha kuwarudisha pahali fulani, cha kufanya mugeni aulize na mwenye nyumba ajibu.

Kuko mwezi alirudi na nyama, mafuta na biatu vya Victorine. Kuko myezi alirudi na batablo yote, na vumbi juu yake. Na shaba ikishuka bei kule Bulaya, kule hatujui, bafanyakazi banafunga mufuko, Mutale analala na njala mu Kenya. Mu nyumba ya munkoyo, ile pombe ya mahindi, mulikuwa bantu ba karata, bibi zao banawafukuza na fagio. Mutale hakushika karata hata siku moja, Padri akamusifu mbele ya bakristo. Ah, Padri! Ule Mutale alikuwa anacheza kamari ya tablo kutoka asubuhi mpaka jua kuzama, na franga alizoweka pa meza ilikuwa sahani ya batoto.

Mujue tena mambo mbili ya ile kazi, juu bila ile hamutaelewa woga tuliyopata.

Ya kwanza: tablo yenye kukosa mununuaji haitupwe. Inafunikwa na nyeupe, ingine inachorwa juu yake. Chini ya mingi ya batablo za Kenya kuko ingine imelala. Lakini rangi nyekundu, ile ya motokari, haikubali kulala. Mufundi wa kweli anaisugua na majivu, anaipakala nyeupe mara tatu, na kati ya mara na mara anangoja ikauke. Usipofanya vile, itapanda. Polepole, kama damu mu bandeji.

Ya pili: mununuaji analipa nusu, nusu ingine mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ikipita, artiste anakuja na nyundo, anateremusha tablo yake mbele ya majirani. Hakuna mwenye kumuzuia, hata mwenye nyumba awe mukubwa namna gani. Musumari unabakia peke yake ku ukuta, na bantu banacheka mpaka Noeli.

Sasa. Mvua ya mwaka sabini na sita ilianza kunyesha, na Mutale alikuwa hajauza kitu tangu jua kali. Njo citoyen Kalenga akamuita; ile wakati mukubwa aliitwa citoyen, si bwana. Kalenga alikuwa mukubwa wa Parti, chama ya serikali, mu kartie yetu, muntu mwembamba, mwenye abacost ya kijivu, ile koti ya Parti isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alitaka chui, munyama wa Mukubwa wa inchi. Chui mukubwa, amesimama, mbingu wazi nyuma yake, kwa kutundika mu nyumba ya mikutano. Na haraka: bakubwa balikuwa banakuja kuitembelea ile juma.

“Na bei?” Mutale akauliza.

Kalenga akataja bei. Mutale akakubali mbele ya kumaliza kusikia. Akapewa nusu pale pale, nusu ya pili ingekuja mwisho wa mwezi.

Ile nusu ilishuka ku deni ya unga, ku masomo ya batoto, ku dawa ya muzee wake. Ilipofika ku kitambaa na rangi, haikubakia kitu. Njo Mutale akaangalia kwenye kona, kule batablo ya kukosa banunuaji ilikuwa imegeukia ukuta. Akatwaa moja yenye ukubwa wa kutosha. Nyeupe yake ilikuwa kidogo, akaongeza esanse ya motokari ndani ili iongezeke. Akapakala mara moja. Mvua ilinyesha, haikukauka muzuri. Akachora chui juu.

Na ilikuwa chui! Miye si muntu wa kusifu bure, ila ule munyama alikuwa anakuangalia popote unaposimama. Bakubwa bakaja, bakapiga mikono. Kalenga akapata sifa. Mwisho wa mwezi ikapita, ingine ikapita, nusu ya pili haikuja. Victorine akasema, “Twaa nyundo.” Mutale akasema, “Nyundo ku nyumba ya Parti? Weye uko na bwana mwingine wa akiba?” Tukacheka, tukaacha.

Kisha, mu mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, vita ikaingia. Radio ikasema bantu ba silaha balivuka kutoka Angola, upande wa Mutshatsha. Radio haikutaja kwamba balikuwa bandugu zetu, bale bagendarme, basoda ba zamani ba Katanga, waliokimbilia kule wakati secession, kule kujitenga kwa Katanga, jimbo letu, iliisha. Haikukuwa lazima kutaja. Kila muntu alijua. Mu kila avenue kulikuwa mama mwenye mutoto kule, na kuanzia ile siku, kila mama yule alikuwa hana mutoto. Barua zikachomwa. Bapicha zikatoka ku ukuta. Basoda bakajaa ku masangano ya njia, na kuko bantu baliitwa “kidogo tu, kwa maulizo,” chakula yao ikapoa pa meza, bibi akaifunika, kesho akaifunika tena.

Jumamosi, kisha salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha kartie, tulikuwa tunaingia mu nyumba ya mikutano kwa animasio. Siye bamama, na viuno vyetu vya kuzaa, tunacheza kwa kusifu Parti. Nilikuwa musitari wa mbele, juu niko na sauti. Naimba, nazunguka, naangalia chui. Njo nikaona, juu ya mugongo yake, mu ile mbingu wazi, kintu kama kutu. Alama tatu. Nikazunguka tena. Hazikuwa kutu. Zilikuwa misalaba tatu, mifupi, mipana, ile ya shaba ya kuyeyushwa, franga ya bazee ba zamani. Zilikuwa ku bendera wakati Katanga ilijitenga. Mutoto wa hapa anazijua mbele ya kujua kusoma.

Nikaacha kuimba, nikahesabu tena. Jirani yangu akanisukuma na kiwiko: “Imba, mama, banaangalia.” Nikaimba.

Nilimukuta Mutale mu parsele, anachonga mbao.

“Chui yako inaota misalaba,” nikasema.

Hakuuliza misalaba gani. Aliweka kisu chini, akakaa pale pale mu vumbi.

“Ngapi?”

“Tatu. Na chini yake kuko kintu ingine inaanza. Kama bakofia.”

Njo tukasikia yote. Ile tablo ya chini ilikuwa bagendarme banatembea na bendera. Zamani kidogo, kisha secession, kulikuwa bantu ba kununua ile kwa siri, kwa ukumbusho. Ilibakia moja. Alisahau? Hapana. Aliona iko kubwa, iko bure, akasema nyeupe itafunika. Muntu wa njala anasemaga hivi.

Victorine alikuwa amesimama mu mulango na mwiko mu mukono. “Ukimbie,” akasema. “Zambia haiko mbali.”

“Nikikimbia, banauliza juu ya nini. Banaangalia tablo. Kisha banakuja kuuliza weye.”

“Basi nenda uipake mafuta ya vernis! Uongope kintu!”

Akaenda siku ya kwanza. Kalenga alikuwa na bantu. Mutale akasema: “Citoyen, mvua imeharibu rangi, nataka kuishusha niitengeneze.” Kalenga akajibu kwa sauti ya bantu bote kusikia: “Tablo ya Parti haishuke!” Mutale akarudi, uso kama majivu. Ile siku hatukula. Bukari, ugali wetu, ilipikwa, ikabakia.

Siku ya pili Kalenga mwenyewe akamuita. Nyumba ya mikutano ilikuwa tupu, mulango ukafungwa nyuma yake. Mutale alinielezea ile mazungumuzo mara mingi, na kila mara alikuwa anapunguza sauti pahali pale pale.

“Ukae,” Kalenga akasema. “Mu hii tablo kuko nini?”

“Chui, citoyen.”

“Na nyuma ya chui?”

Mutale akaangalia mulango uliofungwa.

“Naiangalia kila siku tangu vita ianze,” Kalenga akasema. “Mwanzo nikasema ni unyevu. Kisha nikaanza kufunga madirisha juu kusikuwe mwangaza. Sasa naweza kuhesabu bakofia. Unajua yaya yangu, ule kaka yangu mukubwa, iko wapi?”

“Hapana, citoyen.”

“Muongo. Kenya muzima inajua. Alivuka na bale. Sasa fikiri: nani alitundika bendera yao mu nyumba ya Parti? Weye? Weye uko muchoraji wa njala. Banasema ni Kalenga. Na miye, mbele baniulize mara ya pili, nitasema ni weye.”

Bakaangaliana. Mutale alisema hajapata kuona muntu mukubwa mwenye woga karibu vile. Alisikia arufu ya jasho mu ile abacost ya pasi.

“Basi uishushe, citoyen. Weye njo mwenye nyumba.”

“Kwa neno gani? Bakubwa balipiga mikono. Wanakuja tena mbele ya sikukuu ya Parti, ya mwezi wa tano. Nikiishusha bila neno, kila muntu atataka kuona iko na nini.”

Mutale akafikiri. Kisha akasema ile kintu ambayo muntu wa kwingine hangeifikiri.

“Iko na deni.”

“Nini?”

“Tablo ya deni inashuka na nyundo, mbele ya bantu. Hakuna mwenye kuuliza juu ya nini. Banacheka tu. Habaangalie tablo, banaangalia mwenye deni.”

Kalenga akaelewa, na uso yake ikaiva kama pilipili. Mukubwa wa Parti, kuteremushiwa tablo kama mulevi wa mushahara!

“Unanitukana, unanivua nguo mbele ya bamilitants, na miye nanyamaza?”

“Njo vile. Jumamosi.”

“Na kama siku ile nikaona heri kukufunga?”

“Basi utakuwa umenifunga,” Mutale akasema. “Lakini tablo itabakia ku ukuta, citoyen. Na weye chini yake.”

Njo bakaachana. Hawakupeana mukono.

Victorine alipoambiwa, alimupiga na mwiko. Kweli, alimupiga ku bega. “Unacheza na kichwa yako! Unamuamini Kalenga?”

“Simuamini. Naamini woga yake.”

“Woga inageuka, Mutale. Asubuhi inaangalia huku, mangaribi inaangalia kule.”

Jumamosi ikafika. Nilivaa kitambaa ya Parti, ile yenye picha, nikaenda nacheza kama kawaida. Na mule ndani, pa kiti ya mbele, njo nikamuona muntu hatukumungojea: mukubwa moja wa kutoka juu, mugeni, mwenye miwani, tumbo na fimbo. Alikuja bila kutangaza. Mugongo yake ilikuwa kwa tablo. Kalenga alikuwa pembeni yake anatoka jasho, na jua haikuwa kali.

Nikataka kutoka nje nimuzuie Mutale. Sikufika. Mulango ukafunguka kwa teke.

“Kalenga!” Si citoyen, si baba. Kalenga kavu. “Kalenga, mwisho wa mwezi inakujaga mara ngapi kwenu?”

Ngoma ikanyamaza. Mutale alikuwa na nyundo ku mukono wa kuume, na alikuwa amekunywa kidogo, ao alijifanya. Alipoona ule mugeni, miguu yake ikasimama. Nilimuona. Wakati ndogo sana, kama muntu amekanyaga nyoka na hajue kama iko nzima. Kisha akaendelea, juu saa ya kurudi nyuma ilikuwa imepita.

“Nusu ulinipa, nusu umekula! Batoto bangu banalala na maji ya moto, weye unakaa chini ya chui yangu na kusifiwa! Leo chui inarudi ku pori!”

Bavijana ba Parti bakamurukia. Moja akamushika shingo, mwingine akamupinda mukono mpaka nyundo ikaanguka. Wote bakageukia Kalenga, bakangoja neno.

Kalenga alikuwa ameangalia mugeni. Niliona macho yake inapima: nikisema “mufunge,” ule mugeni ataniona mukali, mwaminifu. Nikisema “muache,” nakuwa kichekesho. Ilikuwa neno moja tu, na uzima wa muntu ndani yake. Mutale, shingo imebanwa, alikuwa anamuangalia na jicho moja.

Victorine alikuwa nyuma ya mulango, na mutoto ku mugongo. Hakulia. Alisema tu, wazi, kama muntu mu soko: “Deni iko deni.”

Na bamama, Mungu abariki midomo yao, bakaanza kucheka. Moja akasema, “Ata bale bakubwa?” Mwingine akajibu, “Njo bale hasa!” Na miye nikatia yangu: “Citoyen, lipa, ao tucheze mbele ya musumari!” Kicheko ikapanda mpaka ku mabati.

Mugeni akageuza kichwa polepole. “Ni kweli, Kalenga? Haukumulipa huyu?”

“Ni kweli,” Kalenga akasema, sauti kama ya mugonjwa. “Mumuache. Iko na haki.”

Bakamuachia. Mutale akaokota nyundo, akapanda ku kiti, akang’oa misumari na vidole na meno ya nyundo, akageuza tablo upesi, uso ya chui ku kifua yake.

“Lete nione,” mugeni akasema. “Wananiambia iko chui muzuri sana.”

Kicheko ikakatika. Kalenga alifunga macho. Mutale alikuwa amesimama ku kiti, mikono imekumbatia ile kitambaa.

“Kuona kunalipwa, citoyen,” akasema.

Mugeni akakaza fimbo yake. Kisha tumbo yake ikaanza kutikisika, na akacheka, akacheka mpaka akatoa miwani na kuifuta.

“Kalenga, uliteka munyama iko na mwenyewe! Umulipe huyu muntu, na akuchoree mwingine, mukubwa kuliko huyu.”

Mutale akashuka, akapita katikati yetu, akatoka. Hakukimbia. Kutembea polepole kule kulishinda kazi yake yote ya artiste.

Mu parsele, Victorine alikuwa amekwisha kuwasha moto. Bakavunja mbao, bakakata kitambaa bipande bipande. Rangi ya mafuta inawaka vibaya, moshi yake ilikuwa nyeusi na ya kunuka, jirani bakauliza tunapika nini. “Bitumbula,” nikasema. “Vimeungua.” Kipande cha mwisho kilikuwa jicho ya chui. Mutale akakisukuma ndani na kijiti, na mule chini, mbele ya moto kukila, nikaona uso ndogo ya gendarme, kijana, anacheka.

Chui ya pili ilichorwa ku kitambaa mupya, nyeupe mara tatu. Ilikuwa munyama mwenye afya, mwenye meno, na hakumuangalia muntu yeyote. Ikatundikwa mbele ya sikukuu ya mwezi wa tano. Mutale hakuomba franga. Kila siku gari ikisimama mu avenue, anaweka burashi chini na kungoja ipite. Godefroid alikuja kumuambia nafasi ya kupakala manyumba imepatikana. Akaikataa, kisha akamufuata Godefroid ku barabara na kuikubali. Vita ikaisha. Bantu ba maulizo, bamoja bakarudi, bengine hapana.

Siku moja, kisha misa, Kalenga akaingia mu parsele yetu kwa miguu, peke yake. Mutale alikuwa anatengeneza kinga. Victorine alikuwa anachambua majani ya sombe. Miye nilikuwa ku mbabula yangu, sikutoka. Ni parsele yangu pia.

Kalenga akatoa enveloppe mu abacost. “Nusu ya bei. Ya chui ya kwanza.”

“Citoyen, ile tulimaliza,” Mutale akasema. “Nakuachia.”

“Hapana kuniachia. Muntu akiniachia deni, nabakia nayo. Chukua.”

Victorine akasimama, majani ikaanguka. Akamukaribia bwana yake, akasema mu sikio, lakini Victorine hajui kusema polepole: “Usitwae. Muntu mwenye deni yako anaogopa sauti yako. Akilipa, ataogopa nini?”

Kalenga alisikia. Hakukasirika. Alibakia tu na mukono mbele, kama muntu anayengoja mvua iishe.

“Mama iko na akili,” akasema.

Mutale akaangalia ule mukono. Akaangalia batoto, balikuwa bananyamaza pa kizingiti, na mutungi wa unga nyuma yao. Akapangusa mafuta ya kinga ku suruali, akatwaa enveloppe.

“Hesabu,” Kalenga akasema.

“Haina lazima.”

“Hesabu. Mbele yake.” Akanionyesha na kidevu.

Akahesabu. Ilikuwa kamili. Kalenga akaangalia miye, akaangalia Victorine, kila moja wakati wake, kama muntu anayeweka sura mu mufuko. Kisha akafunga kifungo cha abacost na kusema:

“Sasa hatudaiani.”